Gobore la Bi Kibibi

Muzammil wa Kombani ni fundi wa vyerehani, na kwa kauli yake mwenyewe hakuna kitu chenye springi kilichowahi kumshinda. Kinachomshinda ni mdomo wake. Ukimpelekea cherehani asubuhi, adhuhuri utaondoka na cherehani kilichopona na habari za soko zima.

Alipomposa Sumaiya wa Waa, alikubaliwa upesi mpaka akashangaa. Kumbe lilikuwako sharti. Nyumba ile ina gobore la marehemu babu. Mtutu wake ulizibwa zamani kwa amri ya serikali, likabaki pambo la ukutani. Lakini bwana harusi havuki kizingiti cha nyumba ile mpaka gobore lifyatuliwe na cheche zionekane, na tangu babu afariki halikuwa limetoa hata moja.

"Shikamoo bibi," Muzammil alimwamkia Bi Kibibi, nyanya wa Sumaiya.

"Marahaba, mume wangu. Likikushinda hili, Sumaiya humpati ng'o. Utanioa mimi."

Wajomba wa Sumaiya walikwisha kukata shauri kwamba lile ni gobore la fataki, vile vikofia vya kuwashia baruti, na fataki zake haziuzwi tena, basi. Muzammil akalitoa uani penye mwanga. Akaona ubavuni kisahani cha baruti chenye kitundu kando, juu yake kibao cha chuma, na nyuma yake mtambo uliobana kitu ndani ya kipande cha ngozi. Akakikwaruza kwa ukucha. Jiwe!

"Hili ni la gumegume, wajomba. Jiwe ndilo linalogonga chuma, cheche zikaangukia kisahanini. Fataki za nini?"

Tabu ilikuwa ule utando wa kahawia uliofunika vyote, mgumu kama ukoko wa wali. Kila Idi Bi Kibibi alilipaka mafuta ya nazi, kwa kuwa marehemu alilipenda, nayo yakagandamana mwaka baada ya mwaka. Muzammil akaufungua mtambo, akauosha kwa mafuta ya taa, akapiga chuma msasa, akaligeuza jiwe upande ambao ulikuwa na makali bado. Akavuta, akaachia. Cheche! Bi Kibibi alilia kwa furaha wala hakujificha.

Siku ya harusi Muzammil alisimama mlangoni, kanzu nyeupe pepepe. Mjomba akafyatua. Ta! Hakuna kitu. Akarudia. Ta! Watu wakaanza kucheka, na bwana harusi akaingiwa na hofu ya kweli. Akasogea, akanusa. Nazi!

Akamtazama Bi Kibibi.

"Si siku kubwa leo?" bibi alisema kwa haya. "Ningelitoaje mbele za watu halijapakwa?"

Kitambaa hakuwa nacho. Akauvuta mkono wa kanzu, akafuta nao chuma, akafuta jiwe, akarudi mahali pake. Mjomba akafyatua, cheche zikaruka, vigelegele vikarindima. Muzammil akavuka kizingiti, mkono mmoja wa kanzu mweusi ti.

Ndani, Bi Kibibi akamshindilia chupa ya mafuta kiganjani.

"Chukua. Babu yenu nimempakia gobore lake miaka yote, na leo amenijibu. Sasa kampake mkeo nywele."