Miwani ya Picha

Nilimshika mkono dada ya mchumba wangu mbele ya familia zote mbili, nikatangaza kwa sauti iliyosikika hadi barabarani kwamba huyu ndiye mke wangu na kwamba ningemtambua hata akifunikwa mablanketi kumi. Nalitanguliza jambo lenyewe ili asiwepo wa kunihurumia kabla ya wakati. Mengine yote ni maelezo ya jinsi mtu mwenye akili timamu, mwenye kazi, mwenye macho mawili (mabovu, lakini mawili) anavyoweza kufika hapo.

Mimi ni karani wa korti pale Makadara. Naandika wanayosema mashahidi, na nimeandika mara nyingi sana jibu la mtu anayeapa kwamba aliona vizuri. Kwa hivyo nitajaribu kusimulia kwa mpangilio, ingawa safari hii shahidi mbaya ni mimi.

Ilianza na fremu. Miwani yangu ya kila siku ni ya waya mwembamba, na kwenye picha hunifanya nionekane mtu anayekaribia kuomba msamaha. Siku hizi vijana wa mitaa yetu wamerudia zile fremu nzito za kizamani, zile walizovaa makarani na walimu wakuu wa enzi za babu zetu, na nyingi wanazouza kando ya barabara ni mpya zilizoigizwa uzee, nyepesi kama kifuniko cha soda. Mimi nilitaka ya kweli. Nilijifunza hadi kuitambua: unaipima uzito kwenye kiganja, unaangalia kama ndani ya mikono yake kuna uzi wa chuma, unachungulia bawaba, kisha unaisugua kwa kidole gumba na kuinusa (watu wakikuangalia, unajifanya unapangusa). Nilitafuta kwa miezi, kila Jumamosi, na nikaja kuipata kwenye soko la Burma baada ya kula nyama, kwa mama mmoja anayeuza mishipi na saa zilizosimama. Ilikuwa ya rangi ya asali iliyochanganyika na kahawia, nzito juu kama nyusi za mzee mkali.

"Hiyo ilikuja ndani ya mfuko wa koti," yule mama aliniambia. "Ukiipenda sana, chukua na koti lake."

Koti nililiacha. Wiki iliyofuata ilikuwa ya ruracio yangu, yaani siku ya kwenda na wazee kwa kina Wambui, mchumba wangu, kuzungumza mahari, na nilikuwa nimeshaona akilini picha nitakazopigwa.

Fundi wangu wa miwani, mama mpole mwenye kibanda ghorofani kando ya Jogoo Road, aliigeuzageuza ile fremu kwa heshima, kisha akaniambia ukweli. Lenzi zilizokuwamo zilikuwa za kusomea, za macho ya mtu mwingine kabisa. Lenzi zangu za kila siku zilikuwa ndogo, haziwezi kujaa kwenye matundu makubwa namna ile. Namba yangu ni kubwa, lazima aagize, na hazingefika kabla ya Jumamosi.

"Basi weka zile plastiki nyeupe za maonyesho," nikamwambia.

"Hizo hazina nguvu yoyote, Musyoka."

"Ni za picha tu, mama."

Akanitazama. "Za picha, sawa. Lakini usivuke nazo barabara."

Hapo ndipo ningeweza kurudi nyumbani nikiwa mtu wa maana. Bila namba yangu, mtu aliyesimama upande wa pili wa sebule ana nguo na ana rangi, lakini hana uso. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nitavaa ya kizamani tunapoingia na tunapopigwa picha, na ya waya nitakuwa nayo karibu.

Kabla ya kwenda mbele, lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mtacheka mahali ambapo sikucheka. Kwa kina Wambui wamezaliwa wasichana wawili, na mkubwa ni Njeri. Kwao mdogo hamtangulii mkubwa kuolewa mpaka mkubwa mwenyewe akubali, na kwetu Ukambani pia jambo hilo halichukuliwi mzaha. Njeri aliitwa mbele ya wazazi na jamaa, akaulizwa, akasema Wambui aende tu. Wambui aliniambia kwamba alisema hivyo huku akikunja nguo, bila kuinua kichwa. Kwa muda mrefu majirani walikuwa wakimuuliza Njeri yake ni lini, na alikuwa amewakatia wote neno kwa kukubali huko. Wambui alinionya zaidi ya mara moja: "Siku hiyo, yeyote umkosee, lakini usimkosee Njeri."

Jumamosi tulifika mtaa wa Fedha, kwa kina Wambui, tukiwa wengi, shangazi zangu wakiwa na vitenge vya aina moja na mimi nikiwa na shati la kitenge hichohicho, ambalo fundi wa nguo alilishona bila mfuko hata mmoja. Kina mama wa upande wa pili walikuwa wamefunga lango na kutuimbia, kama desturi, na tulipofunguliwa nilimwona mzee mnene amesimama kando kwa utulivu mkubwa. Nikamwendea, nikainamisha kichwa, nikamshika mkono kwa mikono miwili, nikamwita Baba, nikamshukuru kwa kumlea Wambui vizuri.

"Asante, kijana," akasema. "Lakini mimi nimeleta sufuria tu. Mwenye boma ni yule pale."

Watu walicheka, na Baba Njeri mwenyewe alicheka (kwao baba huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, hilo pia mlikumbuke). Nilicheka nao. Mtu mwenye busara angeomba miwani yake papo hapo. Lakini mpiga picha alikuwa amenielekezea kamera, na binamu yangu alikuwa amenong'ona, "Buda, leo unakaa waziri," yaani nafanana na waziri, kwa hivyo nikaendelea kuwa waziri.

Sasa, miwani ya waya nilikuwa nimempa mjomba Kioko, msemaji wetu, anishikie ndani ya koti lake, isije ikapinda kwenye suruali yangu. Wala sikufikiri. Wazee walipomaliza kunywa chai waliitana, wakaingia sebuleni na kufunga mlango ili wazungumze, na mlango huo ukishafungwa bwana harusi haruhusiwi hata kuugonga. Mjomba Kioko aliingia na macho yangu.

Ndipo shangazi yao kina Wambui, wanayemwita Tata Tabitha, akatoka nyuma ya nyumba akiongoza wanawake waliofunikwa leso kuanzia kichwani hadi magotini. Mila hii mnaijua: bibi harusi hufichwa kati ya wenzake, na mume atamtafuta, na akikosea anatozwa mbuzi. Wambui alikuwa ameniandaa kwa simu usiku uliotangulia. "Urefu usikudanganye, tutainama. Angalia kucha za miguu. Nimepaka zambarau, na wengine nimewakataza."

Niliangalia miguu. Niliona kahawia. Nilisogea, nikaona kahawia yenye vidole. Ningeinama tu, jambo lingeisha, lakini ile fremu ilitengenezewa pua ya mtu mwingine, na kila nilipoinamisha kichwa ilianza kuteremka, na nilimwona (au tuseme nilimhisi) mpiga picha amechuchumaa akinisubiri. Bwana harusi gani anaangusha miwani miguuni mwa wanawake? Nikabaki wima, kidevu juu, nikitembea mbele yao kama afisa anayekagua gwaride.

"Mkamba, unachagua mke au unanunua ukuta?" Tata Tabitha akauliza, na kina mama wakaangua kicheko.

Kicheko kiliniharakisha. Wa tatu alikuwa na mabega ya Wambui, na namna yake ya kusimama akiegemea mguu mmoja. Nikamshika mkono.

Hapa ndipo ninapotaka kuandika kama ninavyoandika kazini, neno kwa neno. Yule mwanamke, chini ya leso, kwa sauti ya chini sana, aliniambia: "Musyoka, si mimi. Pita."

Nilimsikia vizuri. Masikio yangu ni mazima. Lakini sauti za ndugu hawa wawili zinafanana, na mabibi harusi hupenda kuwachezea waume zao siku hiyo, kwa hivyo nilidhani ni Wambui ananijaribu. Akarudia, na akajaribu kuutoa mkono wake. Nikaukaza. Nikageukia watu, nikasema kwa sauti ile niliyowaambia, "Anajaribu kunikimbia. Lakini hata mngemfunika mablanketi kumi, huyu ni wangu. Hata sauti yake naijua."

Tata Tabitha akaja karibu. "Musyoka, una hakika?"

"Tata, moyo una macho."

(Nililisema hilo. Limerekodiwa.)

Leso ikavutwa, na kwa kuwa nilikuwa karibu hivyo, umbali wa mkono tu, nilimwona vizuri. Alikuwa Njeri. Kwa muda mfupi hakuangalia mtu mwingine ila mimi, kisha akaichukua ile leso mikononi mwa shangazi yake, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akasema kwa uchangamfu, "Mtozeni mbuzi wake, tuendelee." Watu wakapata ruhusa ya kucheka, na wakacheka kwelikweli, na nadhani jambo lingeishia hapo, likawa hadithi nzuri ya harusi, kama jirani mmoja aliyekaa chini ya hema na sahani yake hangesema, "Si amchukue tu huyo mkubwa? Ndiyo utaratibu wenyewe."

Kicheko kilikatika. Mwishoni mwa mstari Wambui alijifunua mwenyewe, bila kungoja kuchaguliwa. Njeri aliingia jikoni. Na nilipogeuka, mlango wa sebule ulikuwa wazi: wazee walikuwa wametoka kuona kelele ni za nini, na Baba Njeri alikuwa kwenye ngazi, mjomba Kioko nyuma yake, na sura ya Baba Njeri sikuiona ila nilimsikia.

"Wageni wetu, kuleni mshibe," akasema. "Yale mengine tutaongea."

Aliyekaa sana kwenye baraza za wazee anajua "tutaongea" isiyo na siku maana yake ni nini: mazungumzo ya mahari yamesimamishwa. Mjomba Kioko alinipa miwani yangu ya waya, na nilipoivaa nilitamani nisingeivaa, maana sasa kila mtu alikuwa na uso.

Wambui alinikuta kando ya tangi la maji. Aliichukua ile fremu ya asali kutoka mkononi mwangu, akajivika, akaangalia uwanja, hema, watu.

"Hizi hazina kitu."

"Hazina."

"Kwa hivyo ulikuja kwetu ukiwa huoni."

"Nilitaka tu zile picha, Wambui, halafu..."

"Sawa," akasema, akanirudishia. Sijawahi kuogopa neno "sawa" kama siku ile.

Nilimwomba anipeleke kwa Njeri nimwombe radhi. Tulimkuta jikoni akisugua sufuria ambayo, kwa macho yangu mapya, ilikuwa imeshang'aa. Nilianza kueleza habari za lenzi, fundi, mjomba, mfuko, na nilipojisikia ninavyoongea nilinyamaza.

"Kukosea hakunisumbui, shemeji," Njeri akasema. "Kila ruracio kuna mtu anakosea. Lakini mimi nilikwambia."

"Uliniambia."

"Mara mbili. Wewe ukapaza sauti. Sasa nani atajua niliongea? Kutoka leo, hapa mtaani, mimi ndiye dada aliyeshikwa mkono akanyamaza, akangoja afunuliwe." Aliipindua sufuria. "Niliwaambia aende. Nilisema kwa mdomo wangu. Sasa itaonekana nilikuwa nadanganya."

Nimewasikiliza watu wengi wakieleza kilichoharibika, na sikumbuki aliyeeleza kwa maneno machache hivyo. Kwenye hadhara ile ni mtu mmoja tu aliyemsikia akisema si yeye, na mtu huyo nilikuwa mimi, na nilichofanya ni kumfunika mara ya pili.

Tangu siku hiyo nimeapa mambo mawili. La kwanza, sitavaa tena kitu usoni kwa ajili ya kuonekana kabla hakijanisaidia kuona. La pili, mtu akiniambia jambo kwa sauti ya chini, nitamwuliza tena kwa sauti hiyohiyo. Najua ni viapo vya mtu aliyechelewa. Ile picha ya leso ikivutwa imezunguka kwenye simu za nusu ya mitaa yetu ya Eastlands, na la kuudhi ni kwamba fremu imetoka vizuri sana. Binamu yangu ameniuliza niliipata wapi.

Nilimtuma mjomba Kioko arudi Fedha peke yake, akaombe siku moja tu: nije nisimame mbele ya watu walewale, akiwemo yule jirani wa sahani, niseme kwamba Njeri aliniambia mara mbili, na kwamba mimi ndiye sikutaka kusikia. Baba Njeri alimpokea vizuri, akampa chai, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba ombi ni jema, lakini safari ile walimwuliza binti yake mbele ya watu na hawatarudia kosa hilo. Safari hii watangoja aseme mwenyewe kama anataka jambo hilo litamkwe tena hadharani, au liachwe lizikwe.

Wambui tunaongea kila siku. Siku ya harusi hatuizungumzii. Nikimwuliza kama dada yake amesema lolote, ananijibu kwamba Njeri huenda kazini, hurudi, hula, hulala, na kwamba juu ya jambo hilo bado hajasema.