Tangu niwaambie wabunge kuhusu nyanya zetu, majani yanakauka kuzunguka nyumba yangu

Admin, nifichie jina kama mama anavyofichaga sukari wageni wakijaa. Watu wa hiki kisa wananijua, na huku Murangi hata kuku anajua nani ana bando.

Mimi ni mwanaume wa miaka 34, nina mke na watoto watatu. Shule niliishia la tano, la sita liliniona kwa mbali likakimbia. Ila kuongea naongea! Nauza mboga, nauza samadi, ukinichekea nakuuzia na upepo wa ziwa. Kwetu hasa ni Butiama, kwenye ng'ombe, kwa hiyo samadi sinunuagi, nachota zizini kwa kaka zangu. Ndo nikaanza kulima nyanya bila dawa za dukani, napiga mwarobaini, pilipili na majivu. Wenzangu wa kikundi wakaniita Daktari Majivu. Tunacheka, maisha yanaenda.

Sasa sisi wakulima wa nyanya tuna siri. Kila mmoja ana tuta lake nyuma ya jiko, hilo halipigwagi dawa, ni la kula na watoto. Kule shambani kwa kuuza, dawa inapigwa leo, keshokutwa mzigo uko sokoni Musoma. Kila mtu anajua na hakuna anayesemaga.

Wabunge wakaja Bunda kusikiliza wakulima, mambo ya sheria za dawa na kilimo hai. Kikundi kikanituma mimi na Mwenyekiti wetu. Huyu ndo alinifundisha kulima, na ndo baba wa ubatizo wa mwanangu wa kwanza. Namuitaga kaka. Akasimama akasema dawa zote tunapiga kwa utaratibu. Na mimi nikapewa kipaza sauti. Nikasema, "Waheshimiwa, mkija kwetu msile nyanya za shambani, ombeni za nyuma ya jiko. Za shambani hata wenyewe tunaziogopa!"

Ukumbi ukacheka mpaka viti vikalia. Nikanogewa, nikafunguka yote. Nikawaambia samadi tunayo, watusaidie soko la mboga safi na sheria ya kubana dawa, tutaacha wenyewe. Mbunge mmoja mama hakucheka. Akauliza, "Mwenyekiti, hayo ni kweli?" Mwenyekiti akaangalia viatu vyake.

Kurudi akaenda kukaa siti ya mbele peke yake. Haikupita muda, maneno yangu yakafika sokoni, wanunuzi wa Musoma wakaanza kuzikataa nyanya za huku, matenga ya watu yakaozea kivulini. Nikimsalimia mtu anaitikia huku anaangalia pembeni. Mke wangu akishuka ziwani kuchota maji, wenzake wanachota haraka wanaondoka. Mmoja akamwambia, "Mumeo anachekesha kweli shoga. Aendelee tu kuchekesha."

Halafu ndo nikaona majani. Mwanzo ni njano kidogo pale kwenye uzio, nikajua jua kali. Kesho yake njano imesogea. Ni mstari, umenyooka kama umepigwa kwa kamba, unatoka kwenye uzio, unapita chini ya dirisha wanapolala watoto, unazunguka nyumba. Mimi nimeuzaga pembejeo, naijua dawa ya magugu. Ukipiga leo majani hayaonyeshi kitu, yanaanza kufa baadaye taratibu. Maana yake kuna mtu alishazunguka nyumba yangu na bomba la dawa mgongoni sisi tupo ndani, na sijui alishafika wapi kwingine.

Juzi Mwenyekiti akaja. Akasimama juu ya ule mstari, wala hakushangaa.

"Mdogo wangu, nyasi zako zinaumwa?"

"Sijui, kaka."

"Nasikia Dodoma wamekuita ukaongee tena."

Admin, hiyo simu ya kuitwa bungeni nilipigiwa mimi, na nilimwambia mke wangu peke yake.

"Nenda," akasema. "Waambie ulikuwa unatania. Wewe si mtani? Nani atakulaumu? Yataisha." Akamshika mwanangu wa kwanza kichwa. "Huyu mtoto wangu amekua jamani. Mkatazeni kuchezea nje."

Akaaga vizuri kabisa, na salamu kwa mama yangu akatoa.

Mke wangu anasema, "Ukikana hii, siku nyingine ukisema kweli nani atakusikiliza?" Ananiambia nimpeleke yeye na watoto Butiama halafu niende nikaongee. Lakini nikiondoka hapa, shamba ndo basi, na Mwenyekiti nitamshtaki polisi kwa lipi? Kwa kuulizia nyasi?

Safari ni Jumatatu. Leo asubuhi nimekuta majani pembeni ya pipa letu la maji nayo yameanza njano. Nimemwaga maji yote. Mke wangu ameniuliza, "Na yale tuliyokwisha kunywa?" Nimechukua majivu nikaanza kulisugua pipa.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, matusi mtanipa baadaye. Niambieni kwanza: nikaseme kweli, au nikaseme nilikuwa natania?