Miaka Saba Bila Kugusa Mpira

Enzi zetu pale Githongo, mtoto mnene hakuwa na bahati. Mpira ulikuwa wa makaratasi na kamba za mgomba, kiwanja kilikuwa kiteremko, na ukipiga vibaya unaukimbilia hadi kule mtoni. Mimi Kirimi, kwa mwili niliokuwa nao, niliwekwa golini bila kuulizwa. "Simama hapo katikati tu," wenzangu waliniambia, "usijisumbue kuruka." Watoto hawana adabu! Lakini mabao nilizuia kweli, kwa tumbo.

Na mvua je, mnaikumbuka? Barabara inakuwa uji wa udongo mwekundu, lori la maziwa linakwama mlimani, na sisi tunatupa mifuko ya shule kwenye kahawa ya watu tukasukume. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yetu. Tena ilikuwa sababu nzuri ya kuchelewa shule, ambako ukiteleza tu ukasema Kimeru badala ya Kiingereza unavalishwa kibao cha aibu shingoni hadi jioni. Baba, ambaye shamba lake lilipakana na barabara, alisimama ukingoni na panga mkononi akinipigia kelele: "Inama, Kirimi! Matako chini! Unasukuma lori ama unaliombea?" Likitoka, hakuna pongezi. Baba alirudi shambani kwa kahawa yake, nasi tukaenda shule kupigwa kwa sababu ya matope.

Kuinama huko ndiko kulikonifaa Marekani. Nilienda kusoma kwa ufadhili wa kurusha tufe, na kocha mmoja wa ule mpira wao wa kugongana akaniona nikisukuma gari la rafiki lililokwama kwenye theluji. Akanipa kofia ngumu papo hapo. Nikacheza miaka minne ya chuo, kisha saba ya kulipwa. Kazi yangu ilikuwa nini? Kusimama mbele ya yule anayerusha mpira ili majitu ya upande ule yasimwangushe. Basi. Mpira wenyewe, miaka saba yote ya mshahara, sikuugusa hata siku moja.

Nilituma picha nyumbani nikiwa na kofia yangu ya vyuma usoni. Mama akanipigia simu kwa wasiwasi: "Woi, mwanangu, mbona wamekufunga mdomo? Siku hizi unauma watu?"

Baba yeye alikuwa na swali moja, kila Jumapili. "Umepata kazi?"

"Nacheza, baba. Nalipwa."

"Nimesikia unacheza. Nimeuliza kazi."

Nilijenga nyumba ya mawe, nikamnunulia ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi. Bado ilikuwa mchezo. Iliniuma, wacha niseme ukweli. Jitu zima la kilo mia na arobaini, na nilichotaka duniani ni baba aseme tu kwamba kijana wake anafanya kazi.

Goti la kulia likaisha, la kushoto likafuata, nikarudi nyumbani kulima parachichi. Baba alikuwa amezeeka, masikio yake yanachagua ya kusikia. Nikaanza kuogopa kwamba ataondoka kabla sijalisikia hilo neno.

Sasa juzi, Jumapili baada ya kanisa, binti yangu Makena akapata mechi yangu nzima kwa simu, akaiunganisha na TV ya babu yake. Kizazi hiki hakiwezi kutazama kitu dakika tano! Kabla hatujakaa vizuri alitaka kuruka hadi mahali patamu. "Wacha," baba akasema. "Baba yako ni yupi?"

"Huyo aliyeinama zaidi," nikamwonyesha.

Akavuta kiti hadi karibu agonge TV. Alitazama mpaka mwisho, chai ikapoa mkononi. Kisha akaniuliza, "Yule kijana wa kurusha, wamemwangusha mara ngapi?"

"Siku hiyo hakuanguka, baba."

"Na wewe hukupumzika."

"Hapana."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Hiyo ni kazi," akasema. "Kirimi, hiyo ni kazi kubwa."

Siku hizi Makena akimaliza sahani ya mukimo tunampigia makofi, akiosha kikombe anapigwa picha. Sisi tulingoja, wenzangu. Mimi nilingoja hadi ndevu zikaingia mvi, na sijui kama watoto wetu watawahi kuonja utamu wa kusifiwa mara moja tu. Nililia mbele ya mtoto, tena bila aibu.

Saa ya kukamua ikafika, ng'ombe wakaanza kulia zizini. Baba, ambaye hata siku ya harusi yangu aliondoka mapema ili wasingoje, hakuinuka. Alimgeukia Makena.

"Rudisha mwanzo," akamwambia.