Viraka Saba na Mjomba Mmoja

Pancha ile ilitugharimu viraka saba, mpini wa pampu, na mjomba mmoja. Nimehesabu mara mbili, kama ilivyo kawaida yangu, na jibu ni lile lile. Juzi nilipita kwa fundi wa baiskeli, akafungua kichupa cha solusheni ya kubandikia viraka, na harufu yake kali ikanirudisha kijijini kwetu Idsowe, miaka ya hamsini, bila kuniomba ruhusa.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya kupeleka mjini Garsen ndizi za mashamba ya mtoni. Mwenyewe hakujua kuendesha. Dereva alikuwa Mjomba Yona, kaka yake mama, mtu mrefu aliyezungumza na gari kuliko alivyozungumza na watu. Jioni gari lililazwa kama ng'ombe. Tulilizungushia boma la matawi ya miiba, kama majirani zetu Waorma walivyoizungushia mifugo yao, maana fisi wa upande ule walitafuna mpira kama watoto wanavyotafuna muwa. Kazi ya kuziba mlango wa boma ilikuwa yangu. Nilikuwa msichana wa miaka tisa kwa hesabu ya mama, kumi kwa hesabu ya mwalimu, na kwa hesabu zote mbili nilikuwa mvivu.

"Libebe tawi, mwanangu, usiliburute," Mjomba aliniambia kila jioni. "Miiba ikidondoka njiani, atakayeikanyaga ni huyu mwenzangu." Akaligonga gari begani.

Nililibeba alipokuwa akinitazama.

Basi asubuhi moja tukakuta gurudumu la nyuma limekaa chini. Halikupasuka, limekaa tu, kama mtu aliyechoka. Likajazwa upepo, likaenda Garsen na kurudi. Kesho yake, chini tena. Kulizamisha lile tyubu mtoni hatukuthubutu, mamba walikuwepo, kwa hiyo Mjomba aliburuta mtumbwi wa zamani hadi uani tukaujaza maji. Ndoo thelathini na mbili, nilizibeba mimi. Akalizungusha tyubu majini polepole mpaka mapovu yakajitokeza, membamba kama uzi. Akakwaruza, akapaka solusheni, akabandika kiraka. Asubuhi, chini. Kiraka cha pili, chini. Kufikia cha nne mpini wa pampu ulikuwa umevunjika, na ndizi zilikuwa zikiivia uani. Tulikula ndizi mpaka mbuzi wakazikataa.

Siku ya kiraka cha sita, majirani walikuwa wamezoea kuja kutazama mapovu. Baba akasema mbele yao wote:

"Shemeji, tyubu hili linatobolewa na nani usiku? Fisi ana sindano?"

Watu wakacheka.

"Sema unalotaka kusema, shemeji."

"Nasema yule mwenye duka kule Garsen anatafuta dereva. Na wewe unatafuta sababu."

Hapo hakucheka mtu. Mjomba alifuta mikono yake kidole kimoja kimoja, akaweka ufunguo ukingoni mwa mtumbwi, akashika njia ya Golbanti kwa miguu. Mama alimfuata hadi njia panda. Akarudi peke yake.

Mimi nikaambiwa nitoe matope ndani ya tairi. Sasa, tangu utotoni siwezi kukiona kitu nisikipime. Toka pale pampu inapoingia hadi penye tundu ilikuwa shibiri mbili na vidole viwili. Mara zote sita ilikuwa hivyo, au karibu na hivyo. Mtu anayetoboa gizani hawezi kuwa na shabaha hiyo. Nikaingiza mkono ndani ya tairi, nikapima, nikapapasa, na kitu kikanichoma. Ilikuwa ncha ya mwiba, imevunjikia ndani ya mpira, imechungulia kidogo tu. Walikuwa wakiliziba tyubu huku mchomaji yumo ndani. Niliujua mti wake, na aliyeburuta tawi nilimjua zaidi. Nikauvuta kwa meno, nikautupa motoni jikoni.

Jioni jirani mmoja alibandika kiraka cha saba. Asubuhi gurudumu lilikuwa limesimama wima. Baba akaita watu: "Mnaona? Ameondoka yeye, upepo umebaki." Mama alikuwa akimenya ndizi. Aliendelea kuikwangua ile ile, iliyokwisha kumenywa.

Nilidhani nimechoma ushahidi dhidi yangu. Nilikuwa mtu mzima, nimeshaolewa, siku nilipoelewa kwamba nilikuwa nimemchoma shahidi pekee wa Mjomba. Hakukanyaga kwetu tena. Tulipomzika mama, alisimama upande wa pili wa kaburi, na Baba hakumpa mkono. Baba naye amekwenda na hakika yake. Hadi leo, Idsowe, wajukuu wa Mjomba wanaitwa wajukuu wa mtoboa tairi.

Yeye yuko Golbanti, amepita tisini, anasikia kwa sikio moja. Mara mbili nimefika kwake nimwambie, na mara mbili nimezungumzia mvua. Nimepatana bei na watu wagumu maisha yangu yote, lakini hapa sijui hata pa kuanzia. Nikisema, jina lake litasafika, na uzeeni atajua kwamba mtoto aliyemwita mwanangu ndiye aliyemnyamazia. Nikinyamaza, atazikwa nalo. Nimechoka kulipima peke yangu. Jumapili ni zamu yangu kumpelekea chakula. Ninyi mngemwambia?