Ngoma Tuliyofundishwa Kuiogopa

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye miteremko ya Uluguru, sinema ilikuja mara mojamoja, tena mchana. Madirisha ya ukumbi wa parokia yalizibwa kwa mablanketi, nasi tukakaa sakafuni tumebanana, tunanuka moshi wa jikoni, jenereta likinguruma nje. Vijana wa leo wanaangalia filamu nzima wakiwa chooni, halafu wanalalamika bando limeisha! Sisi tulitembea saa mbili kuifuata, na mama alikuwa ameshatuonya: "Atakayerudi na matope, leo hali."

Picha ninayoikumbuka zaidi ilikuwa ya kale, haina rangi. Binti wa Kizungu amepotea porini. Kila alipolia, uso wake ulijaa kitambaa kizima cheupe kilichotundikwa ukutani, machozi tunayaona moja moja, na sisi tukalia naye. Kisha ngoma ikaanza, taratibu, kabla hatujaona mtu. Mioyo ikatudunda. Wakatokea watu weusi wenye mikuki, wengi, kwa mbali, hata sura zao hazionekani. Stelingi, yule shujaa wa Kizungu, alipowamiminia risasi tulisimama tukashangilia mpaka vumbi likatimka. Watoto weusi tii, tunashangilia. Hakuna aliyeona ajabu.

Wiki chache baadaye ilifika siku ya rafiki yangu Sabina kutolewa. Kwetu binti akivunja ungo alifungiwa ndani, akafundwa, na siku ya kumtoa mwali tuliingoja kuliko Noeli. Sabina tulichota maji pamoja, tukala magimbi sahani moja. Alikuwa mweusi wa kung'aa, na bibi yake alijivuna naye: "Huyu hajafifia, huyu ni wa kwetu." Kutoka huko ndani alinitumia ujumbe kwamba mimi, Odilia, nisikose, nicheze mbele yake.

Basi akatolewa, amebebwa mabegani, amepakwa mafuta, shanga shingoni, anatabasamu chini chini. Ngoma ikaanza, taratibu. Na mimi, sijui shetani gani alinipitia, nikapiga ukelele: "Wanakuja! Kimbieni!" Wenzangu wakaangua kicheko, wakatawanyika, wakamlenga Sabina kwa vijiti, pah, pah. Watoto wadogo kabisa hawakujua kwamba ni mchezo. Walilia kwelikweli, wakajificha kwenye kanga za mama zao.

Sabina akajifunika uso kwa viganja. Wakambembeleza acheze, akakataa. Mama yake akasema, "Mshusheni mwanangu," na wapiga ngoma wakaacha.

Mwaka huu, nyumbani kwangu Mafiga, huku mjini, mjukuu alinionyesha kwenye simu picha ya kale ya namna ile ile. Sauti alikuwa ameizima. Bila ngoma, wale watu hawakutisha hata kidogo. Walikuwa wanatembea tu. Ndipo nikauona ujanja. Mpiga picha alimsogelea yule binti mpaka tukamhurumia, wale weusi akawaacha mbali, kisha akawawekea ngoma ili tuogope kabla hatujafikiri. Nililia mpaka mjukuu akadhani naumwa.

Nikapanda mlimani kumtafuta Sabina. Nilimkuta anapalilia kabichi.

"Odilia! Umezeeka wewe!" akacheka.

Nikamwomba radhi, pale pale kwenye matuta. Akakwangua udongo kwenye jembe.

"Wengine sikuwatambua," akasema. "Sauti yako niliitambua."

"Tulikuwa watoto, Sabina."

"Hata mimi nilikuwa mtoto." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nimezaa mabinti watatu, dada. Hakuna niliyemtoa kwa ngoma. Niliogopa watawakimbia."

Zamani ngoma ya mwali ilisikika kutoka kilima hadi kilima, na mtu aliacha jembe shambani akaifuata. Siku hizi kuna spika kubwa na nyimbo za Dar, na vijana wanacheza huku wanajirekodi. Ukiwauliza ngoma zetu zimekwenda wapi, wanataja dini, shule, simu, kila mmoja na lake. Lakini ya nyumba ya Sabina, najua ni nani aliyeinyamazisha.