Siku Niliyosemwa Uani kwa Mama

Ukitaka kunikasirisha, niulize kama kazi yangu ni kutengeneza simu. Hapa Sumbawanga mjini nimeshaletewa simu zilizoingia maji, chaja zilizokatika, hata redio. Sitengenezi simu! Kazi yangu ni kupanga jinsi mtu atakavyoitumia programu iliyo ndani ya simu: kitufe kikae wapi, neno gani liandikwe, picha gani iwekwe, ili aliyeishika asipotee njiani. Naipenda kazi hii mpaka naota vitufe. Nilijifunza mwenyewe kwa video za mtandaoni, nimejifunika blanketi kwa baridi yetu hii, na siku kampuni moja changa ya Dar iliponijibu kwamba inanichukua kwa majaribio, nilipiga kelele mpaka mwenye nyumba akaja mbio akidhani nimeona nyoka.

Kampuni ilikuwa inatengeneza programu ya kumsaidia mkulima kupata lori la kubebea mazao. Kazi ya huku kwetu nikapewa mimi: nichore, niwapelekee wakulima waijaribu, nirekodi wanavyoitumia, nirekebishe. Majaribio yakiisha, mkuu wangu aamue kama nabaki au naondoka. Na mimi nilitaka kubaki kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Basi nikaenda Mollo, nyumbani kwa mama. Wakulima gani wengine nihangaike kuwatafuta, wakati mama na majirani zake wamelima mahindi na ulezi maisha yao yote? Niliwakuta uani wanapukuchua mahindi. Nikachuchumaa, nikapiga makofi ya heshima, shikamooni, wakaitikia wote kwa pamoja. Nikawaambia kwa maringo, "Hii nimetengeneza mimi mwenyewe." Nikaomba ruhusa ya kurekodi, nikawapa simu mmoja mmoja.

Jamani, sifa! "Nzuri mno, mwanetu." "Inapendeza, Mungu akubariki." Kuna jirani mmoja wa mama, mcheshi kiasi kwamba hata padri anamtania. Huyo alibonyeza, ikamgomea, akabonyeza tena, ikamgomea, akanirudishia simu kwa mikono miwili akasema, "Safi kabisa." Mama akanipakulia ugali wa ulezi na samaki wa migebuka. Nilikula nikijiona mtu mkubwa.

Nikazituma video zile Dar kifua mbele. Mkuu wangu, mwanamke wa maneno machache, akanipigia.

"Hawa wanakupenda wewe," akasema. "Mimi nataka kujua programu inawashinda wapi. Nenda tena. Ukiniletea sifa nyingine, sitakuwa na cha kukutetea nacho."

Niliudhika! Nilizunguka chumbani nikibishana na ukuta. Anajua nini kuhusu huku kwetu Ufipa, huyu? Halafu nikazifungua zile video, nikazitazama kwa utulivu. Hakuna hata mmoja aliyefika mwisho. Wote walikwama, wakatabasamu, wakanirudishia simu. Ningewalaumu vipi? Kwetu mtoto wa mtu akikuonyesha kazi ya mikono yake, tena uani kwa mama yake, humwambii kwamba ni mbaya. Unaipokea, unaisifu, unamshukuru na mama aliyemzaa. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Sasa nani angekubali kunisema?

Jibu lilinijia napiga mswaki. Nilicheka mpaka dawa ya meno ikanipalia. Nikaichukua programu yangu ile ile, rangi ya kijani nikaifanya bluu, na jina la juu nikalibadilisha. Nikarudi Mollo na uso mkavu.

"Ile yangu tuiache," nikawaambia. "Hii imetengenezwa na mtu wa Dar, hata simfahamu. Mimi nimetumwa kuuliza tu."

Wakatazamana, kisha wakamtazama mama. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akachukua simu, akaisogeza karibu na macho. Akayasoma majina ya mazao moja moja kwa kidole.

"Huyu mtu wa Dar," akasema mama, "amewahi kupakia lori kweli?"

Weee! Hapo ndipo walipoanza.

"Ananiuliza kilo ngapi. Kilo nitazijulia wapi? Mimi nina magunia!"

"Na maandishi haya, anatuandikia sisi au anawaandikia siafu?"

Yule jirani mcheshi akaipokonya simu. "Haya, tazameni. Anauliza mzigo uko wapi. Mzigo si uko nyumbani? Hapa chini kuna picha ya nyumba, nabonyeza nyumba. Mnaona? Amenirudisha mwanzo! Nabonyeza tena. Mwanzo! Kama hataki mahindi yangu si aseme!"

Walicheka mpaka punje zikamwagika kutoka kwenye ungo. Ile nyumba mimi niliiweka kwa maana ya kurudi mwanzo, kama nilivyoiona kwenye programu zote, na sikuwahi kujiuliza mara mbili. Mara ya kwanza nao waliibonyeza, wakarudishwa mwanzo, wakanyamaza kwa ajili yangu.

Mkali kuliko wote alikuwa mama. "Anataka nimtajie siku ya gari, na yeye hajanitajia gari lenyewe lina ukubwa gani. Hana adabu huyu." Haki ya Mungu, sijawahi kutukanwa nikafurahi vile. Kila waliposema kasoro moja nilitaka kuinuka niwakumbatie. Nilirekodi mpaka chaji ikaisha.

Nikarudi mjini nikafanya kazi kama niliyechanganyikiwa. Kilo nikazitoa, nikaweka magunia. Maandishi nikayakuza. Ukubwa wa gari ukatangulia, siku ikafuata. Nyumba nikaing'oa, na mahali pake nikaandika maneno mawili tu, Rudi mwanzo. Nikampigia mkuu wangu kwa simu ya video nikamwonyesha; alipomwona yule jirani alicheka hadi akazima kamera yake. Ilipowaka tena alikuwa anafuta macho.

"Unabaki," akasema. "Na hiyo namna yako ya kuuliza, utawafundisha wenzako wa huku."

Nilipiga kelele, na safari hii mwenye nyumba hata hakujisumbua kuja. Nikarukia bodaboda hadi Mollo, upepo wa baridi unanipiga usoni, na mimi nacheka peke yangu njia nzima.

"Mama, wamenichukua!"

Mama akapiga vigelegele, tukachezacheza pale uani, kuku wakatawanyika. Tulipochoka tukakaa kwenye mkeka, na mimi nikaona sasa ni wakati wa kusema.

"Mama, ile programu ya bluu…"

"Ilikuwa yako."

Nikamkodolea macho. "Umejuaje?"

"Kwenye majina ya mazao umeweka ulezi juu ya mchele. Mtu wa Dar gani huyo anayeanza na ulezi?" Akacheka. "Nilijua pale pale nilipoanza kusoma."

"Na majirani je?"

"Walijua wote. Hukuona walivyokuwa wananitazama? Nani angekusema uani kwangu, na mimi mama yako nimenyamaza?"

Nilijaribu kucheka, machozi yakanitangulia. Nilikuwa nimejiona mjanja wa mkoa mzima, kumbe mlango aliufungua mama. Nikajifuta kwa mkono wa sweta. Mama akaniacha nimalize, kisha akaninyooshea mkono.

"Ile nyumba umeitoa?"

"Nimeitoa, mama."

"Lete simu nione. Leo nakusema mwenyewe, tumwache mtu wa Dar apumzike."