Siku Thelathini za Dhamana

Miaka ile viwanda vya minofu ya samaki vilipoanza kufunguliwa Mwanza, sisi mafundi wa mitumbwi wa Igogo tulizidiwa na kazi. Kila mtu alitaka kuvua sangara, na mbao kavu zikaadimika. Mjane mmoja kutoka Uganda aliniagiza mtumbwi mkubwa, nami nikamtengenezea kwa mbao mbichi. Nilijua ninachofanya. Mbao zilipokauka zilisinyaa, maungio yakaachia, mtumbwi ukajaa maji katikati ya ziwa. Wavuvi wake waliokolewa, lakini nyavu na mashine vilizama.

Akanishtaki.

Wakili wangu hakuuliza habari za mbao. Aliuliza kama mama huyo ana nyumba au kiwanja hapa nchini.

"Hana," nikasema. "Anaishi ng'ambo, kwao."

"Basi tutaomba aweke dhamana ya gharama za kesi. Akishindwa halafu akavuka ziwa, gharama zako utamdai nani?"

Hakimu alikubali. Alimpa siku thelathini aweke fedha mahakamani au alete mdhamini mwenye mali Tanzania, la sivyo kesi ingetupwa. Mama yule alimwomba karani arudie maneno hayo taratibu. Mimi nilitazama sakafu.

Sikuwa na amani tangu siku hiyo. Kila meli kutoka Uganda ilipofunga gati, niliacha kazi nikaenda bandarini kutazama kama mjane anashuka na fedha za dhamana. Nikimkosa, nilipumua. Nikifika nyumbani, kwa aibu nilisukuma sahani kando. Mke wangu aliniuliza ninaumwa nini, nikamwambia tumbo.

Siku ya ishirini na sita, jirani yangu, mama mtu mzima aliyekuwa akiuza dagaa, alikuja kwenye karakana yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja nikwambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu. Yule mama wa Uganda nimemdhamini. Hati ya nyumba yangu iko mahakamani."

Nyundo ilikuwa mkononi, sikujua niiweke wapi. "Mnajuana?"

"Hunipigia hodi akija mjini, ananunua dagaa. Lakini si kwa sababu hiyo. Nilikuona ukipigilia zile mbao, mwanangu. Zilikuwa zinatoa maji."

Hakugomba. Aliuliza hali ya watoto, akaondoka.

Hapo ndipo hofu ilipogeuka. Nikishinda, gharama zangu zingetoka kwenye nyumba ya jirani yangu, nyumba ambayo watoto wangu walikuwa wakila humo. Asubuhi nilikwenda kwa wakili nikamwambia nataka kuelewana na mjane. 

"Fundi, kesi hii unaweza kuishinda."

"Najua. Mbao zilikuwa mbichi."

Tulipatana mbele ya hakimu, na jirani yangu akarudishiwa hati yake. Niliuza kiwanja changu cha Igoma nikalipa nyavu na mashine, kisha nikamjengea mjane mtumbwi mwingine. Mke wangu alinuna kwa miezi.

Siku ya kuuchukua, mjane alipitisha kidole kwenye kila ungio. Akaagiza mtumbwi ushushwe majini, akaingia, akaketi humo kutwa nzima akitazama sakafu yake. Mimi nilisimama ufukweni nikingoja. Jioni alitoka na gauni kavu, akawaita wavuvi wake wafunge mashine. Hakuniaga, nami sikumlaumu.